Vita vya Kagera: tungeishia mpakani ingekuwaje?

Kijana_Majengo, Moshi
Wadau habari za jioni. Idi Amin wa Uganda alivamia Kagera Oktoba 1978, akalipua daraja la Kyaka, watu wakauawa, kumfukuza ilikuwa lazima hapo sina ubishi. Ila akishatoka kwetu, kwa nini JWTZ ikaendelea mpaka Kampala? Halafu serikali ya kumrithi ikaundwa hapahapa Moshi Machi 1979, yaani nchi ya watu kiongozi wake kapatikana Kilimanjaro. Ilikuwa sawa?

Baba Neema, Sakina
Kijana, umwache mpakani na jeshi lake ajipange arudi? Watu wa Bukoba wangelalaje? Na aliyeikuza ile vita ni Gaddafi wa Libya, alileta askari na mizinga kumwokoa mwenzake, wakakutana na vijana wetu Lukaya, huko Uganda. Ndege yao ikaja mpaka Mwanza ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama. Watoto wa Libya wamekufa kwenye kinamasi cha Uganda kwa ugomvi usiowahusu, inauma.

Bibi wa Kibosho
Aprili 11 Kampala ilipoanguka tulishangilia jamani. Baadaye ndo tukaijua vita, tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18 na hiyo miezi haikuisha. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai, unasugua shati la shule povu kidogo tu na kola haitakati. Sukari unapanga foleni toka alfajiri ukifika dirishani imeisha.

Kijana_Majengo, Moshi
Shikamoo bibi, pole sana, haya shuleni hatukuambiwa.

Mangi_Ngarenaro
Bibi shikamoo. Vita haikuwa peke yake, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa 1977, 1979 mafuta yakapanda, na kahawa bei ilishashuka. Kijana, kwangu mimi kuingia Kampala haikuwa kosa, kosa ni kilichofuata. Lule aliyechaguliwa Moshi kaondolewa Juni hiyohiyo, akaja Binaisa naye Mei 1980 akatolewa, Desemba uchaguzi akarudi Obote, yule aliyepinduliwa na Amin, ambae kila mtu anajua ni rafiki wa Mwalimu, wapinzani wakasema kura zimeibiwa, Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Na muda wote huo askari wetu wapo kule! Sasa Mganda aamini vipi kwamba mambo yake anaamua mwenyewe? Hiyo vita ya msituni, ya Luwero, imeua raia wengi mno. Pale Moshi makundi ya Waganda waliompinga Amin yalikuja kila moja na wapiganaji wake, wangebanwa wakubaliane jeshi moja litakuwa chini ya nani kabla ya kuvuka kwenda Kampala.