Kikundi cha Ukoo na Majirani, Iten: mzunguko wa baiskeli bonde la Kerio Jumamosi

ALHAMISI

19:12 Anti Katibu: Hamjambo wote. Jumamosi njia ni ile ile: Iten, Tambach, Biretwo, tunafuata bonde kusini mpaka Kimwarer, tunapanda barabara ya Fluorspar mpaka Nyaru, tunarudi kwa barabara ya ukingoni, Kaptarakwa. Kuondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi. Anayekuja aandike NAJA. Nataka majina, sio vidole gumba.

19:13 Fundi: NAJA

19:41 Shemeji wa Tambach: 👍

19:41 Anti Katibu: Shemeji, nimesema nini?

19:50 Fundi: Kabla ya majina, breki. Iten hadi Biretwo ni mteremko karibu wote. Pedi ikibaki milimita 1, ibadilishwe kesho, sio Jumamosi asubuhi watu wakingoja. Na msishike breki mfululizo. Finya kwa nguvu kabla ya kona, achia, ipoe. Ukiing'ang'ania njia nzima, oili ya breki inachemka, mkono wa breki unaingia hadi kwenye usukani na baiskeli haisimami. Zile za kubana rimu zinachoma rimu mpaka tyubu inapasuka. Black Mamba, ile baiskeli nzito ya zamani ya breki za vyuma, isije kabisa.

19:52 Kijana wa Kona: Na ya Anko je 😂

20:03 Anko wa Eldoret: Hiyo imebeba viazi kabla wewe hujazaliwa.

20:04 Fundi: Ilibeba ikisukumwa, Anko.

20:05 Kijana wa Kona: 😂😂😂

20:06 Anti Katibu: Majina jamani!!

20:15 Fundi: Bondeni shida ni mbigili na miiba ya migunga. Kila mtu tyubu mbili za saizi yake, viraka, solusheni ambayo haijakauka, msasa. Ukipata pancha usiharakishe kurudisha tyubu. Pitisha kitambaa ndani ya tairi pole pole, mahali kinanasa ndipo mwiba ulipo. Ukitumia kidole utakipasua. Solusheni paka nyembamba, ngoja dakika 5 hadi ikigusika haishiki, ndio ubandike. Wengi wanabandika ikiwa mbichi, joto la Biretwo likifika kiraka kinateleza, halafu lawama kwa fundi.

20:17 Fundi: Upepo, kwa tairi ya upana wa inchi 2.2 yenye tyubu na mtu wa kilo 70: PSI 30 nyuma, 27 mbele. Ukipunguza zaidi ya hapo, jiwe linabana tyubu kwenye rimu na unapata matundu mawili sambamba.

20:18 Anti Katibu: Pampu anakuja nayo nani?

20:31 Mama Chebet: Pampu gani? Ile iliyoenda Kabarnet?

20:31 Anti Katibu: Mama Chebet, tusianze.

20:33 Mama Chebet: Sijaanza. Nauliza tu mpira wake uko wapi.

20:34 Anko wa Eldoret: Si ulirudishwa?

20:34 Mama Chebet: Ilirudi pampu. Mpira haukurudi.

20:36 Fundi: Hata ungekuwepo, hiyo ni ya valvu ya gari, na wengi wenu sasa mna valvu nyembamba. Chukueni adapta ya shaba dukani, ni kitu kidogo, ifungeni kwenye valvu kabisa ndio mtoke nyumbani.

20:40 Kijana wa Kona: Naweza kubeba maziwa ya mursik kwa chupa ya baiskeli?

20:41 Shemeji wa Tambach: Ikipata joto na kutikiswa, ukifungua itamwogesha wa nyuma yako.

20:41 Kijana wa Kona: Wa nyuma yangu ni Anko 🤣

20:44 Anti Katibu: MAJI. Lita 3 kila mtu, tunajaza tena Biretwo. Kwa kila lita, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Chumvi isizidi hapo.

21:02 Shemeji wa Tambach: Mimi nasema tugeuze mzunguko. Ukingo unatazama mashariki. Tukipanda Fluorspar saa nne, jua liko mgongoni kwa kilomita karibu 21, na kivuli hakishuki mpaka alasiri. Tukianzia Kaptarakwa, tunateremka Fluorspar asubuhi, na Tambach tunapanda kivulini tukielekea nyumbani.

21:04 Fundi: Miguu itapata nafuu, ni kweli. Lakini bondeni tutakuwa mchana.

21:05 Shemeji wa Tambach: Mchana kuna nini? Joto tu.

21:20 Babu: Nimesoma. Jua la bondeni lisiwadanganye. Mvua inanyesha huku juu msituni baada ya saa saba, mto unashuka pale ambapo hakuna tone lililoanguka. Drifti zote, pale barabara inapopita ndani ya mto, ziwe zimevukwa kabla ya saa sita. Maji yakiwa na rangi ya udongo, hata yawe ya magotini, hakuna kuvuka. Mtakaa ng'ambo, hata giza liwakute. Aliyeharakisha mara ile mnamjua.

21:38 Anti Katibu: Ndio Babu.

21:38 Fundi: Tumesikia Babu.

21:41 Mama Chebet: Asante Babu.

21:55 Anti Katibu: Basi pikapu ingoje Kimwarer, wasioweza kupanda na jua wapakie baiskeli hapo. Mafuta ni 300 kila mtu, tuma kwa namba yangu.

21:56 Anko wa Eldoret: Hata anayepanda kwa miguu yake alipe?

21:57 Anti Katibu: Wote.

21:58 Anko wa Eldoret: Mara ya mwisho pia tulisema wote.

22:10 Shemeji wa Tambach: Na tukigeuza lakini tuondoke saa kumi alfajiri?

22:12 Fundi: Uteremke Fluorspar na giza? Taa za kikundi hiki nazijua.

IJUMAA

06:47 Jirani wa Posta: Samahani nilikuwa nimelala. NAJA. Ni ya kwenda Kabarnet?

06:49 Anti Katibu: Soma juu.

12:30 Anti Katibu: Waliotuma ni wanne. Pikapu haitembei kwa maombi.

12:31 Kijana wa Kona: 🙏

13:15 Fundi: Dukani kuna tyubu sita za inchi 29, valvu nyembamba. Na kagueni cheni: mafuta ya cheni, matone machache, pangusa. Oili ya injini inavuta vumbi, na vumbi hilo linasaga meno ya gia. Kila baiskeli ibebe kiungo kimoja cha akiba cha cheni.

17:58 Dada wa Kaptagat: Niwekee tyubu mbili, nalipa kesho asubuhi. Tumekubaliana tuanzie Tambach au Kaptarakwa?