Ng'ombe ana homa 40.9 na tezi imevimba chini ya sikio, dawa ya OTC (oxytetracycline) haijasaidia (Donge, Unguja)

MfugajiDonge
Assalaam alaykum wakubwa. Ng'ombe wangu chotara wa Friesian, mzao wa pili, anafungwa bandani na kukatiwa majani. Tangu juzi hali vizuri, maziwa yameshuka kutoka lita 9 hadi 3. Joto 40.9. Chini ya sikio la kushoto pana uvimbe ukubwa wa yai, na leo ameanza kukohoa. Mkojo uko kawaida. Jana kachomwa OTC ya asilimia 20, hakuna nafuu. Jirani anasema nagana, ugonjwa wa mbung'o, apigwe dawa yake Berenil. Na kama ni maradhi ya kupe, kupe atoke wapi kwa ng'ombe asiyetoka nje?

TabibuWaMifugo
Waalaykum salaam ndugu. Nagana iondoe kwenye hesabu. Mbung'o wa Unguja walimalizwa kwa kuachia madume waliotiwa ugumba kwa mionzi. Wa mwisho alinaswa 1996 na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Berenil hiyo haigusi ugonjwa ninaoudhania, yaani ndigana kali (East Coast fever), inayoletwa na kupe.

Tezi ndiyo inayosema. Pitisha vidole nyuma ya taya chini ya sikio, halafu mbele ya bega, linganisha kulia na kushoto. Vimelea huanzia kwenye tezi iliyo karibu na pale kupe aliponyonya, na kupe wa kahawia hupenda sikio. Maradhi mengine ya kupe yana dalili zake. Ndigana baridi (anaplasmosis) haivimbishi tezi namna hiyo: ufizi hupauka, kisha huwa wa manjano, na choo hukauka. Kwenye ugonjwa wa mkojo damu (babesiosis), mkojo ungekuwa mwekundu au rangi ya kahawa. Maji moyo (heartwater) humfanya ng'ombe anyanyue miguu juu akitembea, atafune mdomo mtupu, azunguke. Tazama ufizi hata hivyo, maana maradhi mawili ya kupe hukutana kwa ng'ombe mmoja.

Kuhusu OTC: watu huiona ikichomwa siku ya chanjo ya ndigana kali, wakadhani ni tiba yake. Kwenye chanjo ng'ombe hupewa vimelea hai na OTC siku ileile, ili vimelea visizidi nguvu. Homa ikishapanda na tezi ikishavimba, OTC imechelewa. Unahitaji buparvaquone, dawa ya ndigana kali yenyewe, na kila siku inayopita mapafu yanazidi kujaa maji.

KiooNaHadubini
Kabla ya kumchoma, chukua sampuli. Ukichukua baada ya dawa, majibu yanaweza kukupoteza.

Nyoa na usafishe juu ya tezi, ikamate kwa vidole isiteleze, ingiza sindano namba 18 bila sirinji, izungushe kidogo, uitoe. Vuta hewa kwenye sirinji, funga sindano, puliza kilichomo juu ya slaidi (kipande cha kioo cha hadubini), tandaza kiwe chembamba. Slaidi ya pili iwe ya damu ya ncha ya sikio. Hiyo ndiyo itakayoonyesha ndigana baridi. Zipepee zikauke upesi, kwani unyevunyevu wetu huharibu seli. Zizamishe kwenye methanoli dakika 3, andika kwa penseli, funga kwenye karatasi kavu. Usizitie friji, na usiziache wazi: nzi huila damu yote. Peleka maabara ya mifugo Maruhubi au mpe daktari wa wilaya.

MfugajiDonge
Ahsanteni. Slaidi zimekwenda. Mzunguko wa kifua sentimita 165, urefu kutoka bega hadi mfupa wa tako 140. Hakuna povu puani.

TabibuWaMifugo
165 × 165 × 140, gawa kwa 10,838: kama kilo 350. Buparvaquone ya miligramu 50 kwa mililita ni mililita 1 kwa kila kilo 20, basi 17.5, msuli wa shingo, igawe sehemu mbili. Daktari amchome leo, majibu yatamkuta njiani. Homa isiposhuka, arudie baada ya saa 48 hadi 72. Muda wa kuacha maziwa na nyama ufuate kama ulivyoandikwa kwenye kibandiko cha dawa.

Asitembezwe, awekwe kivulini, maji karibu. Msimnyweshe kitu kwa chupa: anayekohoa hivyo humwingia mapafuni. Povu jeupe likianza puani, piga simu saa hiyohiyo.

Kupe alikuja na majani. Yakikatwa pale wanapolishwa ng'ombe wa kuzurura, kupe huwa kwenye ncha za majani akingoja. Yaanikeni juani kwanza. Kupe akishang'ata huchukua siku 3 hadi 5 za kunyonya kabla vimelea havijakomaa mateni mwake, kwa hiyo kupekua masikio kila siku na kuwatoa kwa mkono kunasaidia kweli. Dawa ya kuogesha mara moja kwa wiki huacha mwanya. Wakati wa masika pigeni mara mbili, na bomba lifike ndani ya sikio na chini ya mkia.