MREJESHO: Waya wa nitinoli uliokuwa unakatika mapema

Wakuu habari zenu, narudi kutoa mrejesho. Niliuliza kwanini waya wa nitinoli (mchanganyiko wa nikeli na titani) unaofungua kidirisha cha hewa kwenye banda la vifaranga, ule unaofupika ukipata umeme halafu springi inauvuta tena ukipoa, unakatika mapema.

Mkuu uliyeshauri nipunguze mvuto, asante sana, hilo ndo limefanya kazi. Waya ulikuwa unavutwa karibu asilimia 8 ya urefu wake, nimeshusha hadi 3 na kitu, nikaweka waya mrefu zaidi ili kidirisha kifunguke vilevile, na mpaka sasa haujakatika. Na mwisho wa waya nimeubana kwa kibanio badala ya kuuchomea risasi, maana ulikuwa unakatikia palepale, ukitazama kwa lenzi unaona ufa mwembamba umeanzia kwenye mkwaruzo.

Ushauri mwingine, wa kuuzoesha waya mzigo kabla ya kuufunga, umesaidia nusu tu, mwanzoni unarefuka kidogokidogo bila kurudi, kisha unatulia, ila bado nakaza skrubu mara mojamoja. Kuongeza umeme ili uvute haraka hakukunifaa kabisa, joto likizidi waya unalegea na nguvu ya kuvuta inapungua.

Asanteni sana wote, mmeniokoa kweli.