Utalii endelevu Ruaha: nitajuaje kama kijiji kinafaidika kweli?

mwanachuo_Iringa
Wakuu kamwene. Niko mwaka wa mwisho hapa Iringa, risechi yangu ni utalii endelevu unavyowanufaisha wenyeji, nimechagua vijiji vya Idodi na Pawaga pembeni mwa hifadhi ya Ruaha. Msimamizi kaniambia dodoso langu limejaa "umefaidika, ndiyo au hapana" na halitanipa kitu. Nianzie wapi?

Mtu wa Tungamalenga
Karibu sana mdogo wangu. Anza na hela, ifuate inakoenda. Vijiji 21 vya huku vilijiunga kwenye WMA, yaani eneo la wanyamapori linalosimamiwa na jumuiya ya vijiji vyenyewe, inaitwa MBOMIPA, na kanuni za WMA za 2012 zilitaka angalau asilimia 50 ya mapato ya jumuiya iende kwa vijiji wanachama. Sasa omba ofisi ya kijiji ikuonyeshe taarifa ya mapato na matumizi, halafu nenda kwa mama anayelima mpunga umuulize kama aliwahi kuisikia ikisomwa mkutanoni. Na tembo usiwasahau jamani, mtu mahindi yake yameisha usiku mmoja, anachopewa kinaitwa kifuta jasho, hela ya kumpoza tu, siyo fidia ya alichopoteza, sasa zahanati ikijengwa kwa hela ya utalii ni ya kijiji kizima ila njaa ni ya nyumba yake peke yake. Hili linaniuma na watafiti wengi wanalipita tu.

Mnyakyusa_Tukuyu
Mkuu hapo juu kasema kweli. Kwetu Rungwe mgeni anatoka Mbeya mjini asubuhi, anapanda ziwa Ngosi, anapita Daraja la Mungu anapiga picha, jioni karudi kulala mjini, kijiji kimebaki na hela ya kumuongoza tu. Angelala angekula ndizi zetu, angekunywa maziwa yetu. Kwahiyo uliza kila loji mboga na mayai wananunua wapi, na nani kaajiriwa kwa kazi gani, maana kulinda geti na kuwa meneja vyote vinaandikwa "ajira kwa wenyeji".

Dada wa Matema
Wanawake waulize peke yao, mbele ya wanaume watakujibu "tunashukuru". Huku ziwa Nyasa wanaofinyanga vyungu vya Ikombe ni wanawake wa Kikisi, ukitaka kujua chungu kimemuachia shilingi ngapi muulize yeye mwenyewe, siyo mwenyekiti.

mwanachuo_Iringa
Asanteni mno, dodoso naliandika upya. Hiyo taarifa ya mapato naombaje, wasije wakanikatalia?

Mtu wa Tungamalenga
Barua ya chuo ipitishe halmashauri kwanza, ndo ushuke kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Ukifika kijijini kwetu Tungamalenga uliza siku ya mkutano mkuu, ukae usikilize mwenyewe.