Mwanangu wa miezi 11 kakutwa na selimundu, nyie wenzangu mlianzaje?

MamaG wa Mwanza:
Habari zenu wapendwa, mnivumilie maana nitaandika ndefu. Mwanangu wa kwanza, wa kike, ana miezi 11. Alipofika miezi 7 hivi vidole na nyayo zikavimba zikajaa kama kitumbua, ukimgusa tu analia mpaka sauti inakauka. Jirani akasema ni jicho, mama mkwe akaleta mafuta ya kuchua, ikaja ikaisha yenyewe tukasahau. Mwezi juzi ikarudi tena na homa na macho ya njano, dispensari tukaandikiwa malaria mara mbili, mara ya tatu nikakutana na daktari mmoja kijana ndo akasema damu ipelekwe ikapimwe. Majibu SS, yani ndo selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Yani tangu siku hiyo silali, usiku naweka mkono kifuani kwake nione kama anapumua. Akicheza nalia, akilala nalia. Baba yake hasemi neno, anatoka alfajiri anarudi mtoto kalala. Mama yake kasema kwenye ukoo wao hakuna kitu hicho nikaulize kwetu. Na kinachoniua zaidi ni kwamba kwetu nilikua na mdogo wangu alifariki ana miaka 4, tuliambiwa degedege, sasa nawaza labda na yeye ndo ilikua hii hii na hakuna aliyejua.

Nauza vitenge sokoni, mtoto namuacha na binti wa kazi. Niache biashara? Nyie mliopitia mlianzaje jamani, maana dawa nimepewa ila hata sielewi nashika wapi.

dada_Buza:
Pole sana mdogo wangu. Wangu yuko darasa la nne sasa, na mwaka wa kwanza nilikua hivyo hivyo ulivyo, nilikua namuandaa kumzika mtoto aliyekua anakula uji mbele yangu. Haiondoki siku moja, inapungua unavyozidi kujua cha kufanya.

Kitu kilichonipa nguvu mimi ni nesi mmoja pale kliniki alinishika mkono akauweka tumboni kwa mtoto, kushoto chini ya mbavu, akanionyesha bandama lilipo. Akasema kila unapomuogesha pabonyeze taratibu kwa vidole, siku ukikuta limeshuka kubwa ghafla na mtoto amepauka kalegea usisubiri kukuche. Wangu ilitokea ana mwaka na nusu, saa 4 usiku, nikabeba mtoto na kadi yake nikaondoka na kanga moja, akaongezewa damu usiku huohuo. Ningekua sijafundishwa ningempa panado nikalala. Kwaiyo muombe nesi akufundishe na huyo binti wa kazi afundishwe, biashara usiache, hela ya bodaboda ya saa 8 usiku itatoka wapi?

Homa nayo ni hospitali siku hiyohiyo, usikae unasikilizia. Na zile penisilini asubuhi na jioni usiruke hata akionekana mzima kabisa, ni mpaka afike miaka 5. Foliki kila siku, chandarua, maji mengi, na asipigwe baridi. Uko Mwanza, Bugando wana kliniki ya selimundu, ulizia rufaa.

Mzee_Kijana:
Naongea kama baba. Mimi nilinyamaza miezi minne. Mke wangu alidhani simpendi mtoto, kumbe nilikua napaki pembeni nalia kwenye gari narudi nimenawa uso. Dada, mwenzako huyo anaogopa, mvutie subira ila usimuache abaki nje ya jambo, siku ya kliniki mwambie yeye ndo ambebe mtoto, asikie kwa masikio yake daktari anavyoongea.

Na hili la ukoo, mtoto hawezi kuwa SS kwa damu ya mama peke yake. Baba ana AS na mama ana AS, yani kila mmoja kabeba kinasaba kimoja tu cha selimundu, wote wazima hawaumwi chochote, ndo maana hata mama mkwe hajawahi kuona. Kila mimba mnayobeba ni nafasi 1 katika 4 mtoto awe SS, na haihesabu waliotangulia. Kanda ya ziwa na pwani tuko wengi wenye AS sababu ndo inayokinga mtu na malaria kali, vizazi na vizazi. Sio laana ya mtu. Nendeni wote mkapime, mume ashike karatasi yake mkononi.

Nurse T:
Naongezea. Macho ya njano hayo ni kwa sababu chembe nyekundu za mtu wa kawaida zinaishi siku kama 120, za mwanao zinavunjika ndani ya siku 10 mpaka 20. Kwaiyo damu yake itakua chini siku zote, muulize daktari kiwango chake cha kawaida akiandike kwenye kadi, ukienda hospitali ngeni uonyeshe. Na usimpe dawa za kuongeza damu zenye madini chuma kwa kushauriwa na muuza duka. Ulizia pia haidroksiurea, dawa ya selimundu, imepunguza maumivu kwa watoto wengi sana, anaanza kwa uangalizi na anapimwa damu mara kwa mara. Ukiona mdomo umepinda au mkono umelegea upande mmoja, kimbia.

siko_26:
Mama G mimi ndo huyo mtoto, nina miaka 26, naandika hapa nikiwa kazini. Nimelazwa mara nyingi siwezi kukudanganya, na maumivu yakija hata shuka inauma. Lakini mama aliniambia jina la ugonjwa nikiwa mdogo, akaenda kuongea na mwalimu wangu nikaruhusiwa kunywa maji darasani na kwenda chooni bila kuomba, nikavaa sweta mvua ikinyesha. Alivyokua analia nilikua namsikia. Ukilia lia, ila akiwa anacheza cheza nae.

MamaG wa Mwanza:
Nimesoma zote mara tatu. Jana nimemsomea baba G ile ya Mzee Kijana, hakujibu kitu, ila leo asubuhi kaniuliza kliniki ni Jumatano au Alhamisi. Ni Alhamisi. Dada Buza nimejaribu kubonyeza kushoto wakati namuogesha, nimehisi kitu kigumu kidogo sana kama ncha ya kidole gumba, hajalia, anakula na kucheza. Hiyo ni kawaida au niende kesho?

dada_Buza:
Nenda kesho mdogo wangu, wapime wakuandikie kwenye kadi ni sentimita ngapi, ndo utakua unalinganisha nayo. Na nisalimie G.