Nini hasa kinamfanya jirani akubali kujenga mtambo wa biogesi?

Katibu_Kibosho:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama huku Kibosho, upande wa juu karibu na msitu. Karibu kila nyumba ina ng'ombe wa ndani, wawili au watatu, na samadi, ambayo ndiyo inayotoa biogesi ya kupikia ikichanganywa na maji mtamboni, iko hatua chache kutoka jikoni. Kuni ndizo shida. Tangu msitu ulipoingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, mama anayekwenda Nusu Maili, ule ukanda wa msitu ulio jirani na vijiji, kutafuta kuni anakwenda na wasiwasi wake. Wengi tunanunua mzigo, na miti ya kihambani, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, inakatwa mpaka kahawa inakosa kivuli.

Nimeongea kwenye jumuiya, kwenye VICOBA (kikundi chetu cha kuweka na kukopa), kwenye mkutano wa kitongoji. Nimeeleza moshi unavyoumiza macho na mapafu, nimeeleza mabadiliko ya tabianchi na theluji ya mlima wetu inavyopungua. Wanaitikia, wanapiga makofi, halafu hakuna anayejenga. Lakini ng'ambo ya korongo kuna kitongoji ambako mitambo inaongezeka kila mwaka. Ni ndugu zetu walewale, vihamba vilevile. Huko kwenu ni nini kiliwasukuma watu?

Mwashi_Machame:
Marahaba binti. Mimi ni fundi mwashi, najenga mitambo ya biogesi kuanzia Machame mpaka Mwika. Nilipata mafunzo kwenye mradi wa biogesi ya kaya uliosimamiwa na CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoko Arusha, kuanzia mwaka 2009.

Anayepuliza moto ni mama. Anayeamua kuhusu saruji na matofali ni baba, au kijana wao aliyeko Dar. Kuni zikitafutwa na mama na mabinti, baba haoni pesa yoyote inayotoka, kwa hiyo ukimwambia mtambo utaokoa kuni unamwokolea kitu ambacho hajawahi kukilipia. Ndiyo maana nikifika kwenye boma siongelei jiko kwanza. Namchukua mzee nampeleka kwa mtu mwenye mtambo, tunazunguka nyuma, namwonyesha tope linalotoka kwenye tundu la pili, yaani samadi iliyokwisha kutoa gesi. Halina harufu kali, inzi hawalifuati, na mgomba unalipokea haraka kuliko samadi mbichi. Namwacha aangalie mikungu ya migomba iliyomwagiwa na ile ya jirani. Mchaga na kihamba chake huhitaji kumhubiria. Maswali yanaanza palepale: tanuri la matofali liko wapi, mchanga ni lori ngapi.

Akina mama nao wanashawishiana wenyewe jikoni. Mtambo wa kwanza ukijengwa kwa mama ambaye kikundi kinakutania kwake, wenzake wanaona chai imechemka kabla mazungumzo hayajaanza, na sufuria haina masizi. Ukijengwa kwa tajiri mwenye geti, hakuna anayeingia kuona. Nadhani hapo ndipo kitongoji cha ng'ambo kiliwazidi, chunguza mtambo wao wa kwanza uko kwa nani.

Halafu kuna Desemba. Watoto wanarudi nyumbani Krismasi na wake zao na wajukuu wa mjini wanaokohoa jikoni kwa bibi. Wakitembelea jirani wakakuta jiko halina moshi, Januari napigiwa simu kutoka Dar na Mwanza. Panga maonyesho yako wiki hiyo.

Na uwaambie ukweli wote. Samadi ya ng'ombe wawili waliolishwa vizuri inatosha chai, mboga, ugali na mtori wa familia. Haitoshi kuchemsha ndizi za mbege, pombe yetu ya kienyeji, kazi ile inataka moto mkubwa tangu asubuhi. Pia kuna bibi anayehifadhi mahindi yake juu ya moshi yasiingiliwe na wadudu. Ukimwambia abomoe mafiga atakuona adui. Mwache nayo. Nimeona nyumba nyingi zenye vyote viwili na kuni zimepungua sana.

Nina swali moja kwako. Hapo kitongojini kwenu, hakuna mtambo uliokufa?

Longido_Sola:
Huku tambarare biogesi imetushinda. Ng'ombe wanashinda malishoni, maji ni ya kufuata mbali, na kila ndoo ya samadi inataka ndoo ya maji. Kilichoingia haraka ni sola, na chanzo chake kilikuwa simu. Kijana alikuwa anatembea hadi mnadani kuchaji, analipia, anasubiri. Zilipokuja kampuni za kulipia kidogo kidogo kwa simu, kama M-Power iliyoanzia hapa Arusha, mtu aliweza kulipa kwa vipande vilevile alivyokuwa ananunulia mafuta ya taa. Hakuambiwa alete laki kadhaa kwa mkupuo. Kwa hiyo dada, hata huko Kibosho angalia malipo. VICOBA yenu inaweza kununua saruji ya mtu mmoja kila mzunguko.

Mpishi_Mkuu_Moshi:
Mimi napika shule ya bweni hapa Moshi. Sisi hatukushawishiwa, tuliagizwa. Serikali ilipiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, mwisho ukawa Januari 2024. Mwezi wa tano mwaka huohuo ukatoka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Agizo lilitufanya tuanze. Kilichotufanya tuendelee ni sisi wapishi wenyewe, macho yetu yamepona na hatutaki kurudi kule.

Katibu_Kibosho:
Asanteni sana. Fundi, umenishtua. Mtambo uliokufa upo, tena njiani kabisa kwenda kanisani. Mzee aliuza ng'ombe kulipa ada, akaacha kuulisha. Baadaye alinunua ng'ombe wengine, lakini wanasema gesi haikurudi na fundi aliyeujenga hapatikani. Kila nikiongea kuhusu biogesi kuna mtu anautaja.

Mwashi_Machame:
Basi binti, weka mikutano kando kwanza, twende kwa huyo mzee. Mtambo ule unapingana nawe kila Jumapili, na kuba la matofali likijengwa vizuri haliozi. Kabla sijaja naomba uniangalizie haya. Bomba la kwenda jikoni lina sehemu ya kutolea maji pale lilipo chini kuliko pengine, fungua uone kama yamejaa, maana yakijaa gesi haipiti. Halafu chungulia kwenye tundu la kutokea kama samadi imekauka ikawa ngumu. Ikiwa ngumu, itabidi tuitoe yote na kuanza upya, samadi kwa maji nusu kwa nusu, na gesi itachukua wiki kadhaa kurudi. Mwambie mzee asimwage chochote ndani mpaka nifike. Na mama wa nyumba hiyo awepo siku nikija, yeye ndiye nitakayemfundisha kutoa maji kwenye bomba.

Katibu_Kibosho:
Nakwenda kesho baada ya kukamua. Nitakutumia picha.