Tupeane uzoefu: mke na mume madhehebu tofauti, mliamuaje pa kusali?

Habari za Jumapili wapendwa. Mimi Mlutheri wa KKKT toka nazaliwa, mume wangu Mkatoliki, ndoa ina miaka minne. Tulifungia kwao, padre akatuombea kibali cha ndoa mseto na mume akaahidi atajitahidi watoto wabatizwe Katoliki, mimi nimekaa pale natikisa kichwa huku nawaza gauni. Sasa mtoto ana miaka 3 hajabatizwa kokote. Yeye anawahi misa ya kwanza saa 12 na nusu, mimi ibada ya pili saa 3, tunapishana getini na mtoto anauliza leo naenda na nani. Mliopitia hili mlifanyaje? Na wale wa "mke amfuate mume" naomba mje na maelezo.

*Mzee wa Site:*
Mke amfuate mume.

*Mleta mada:*
Nilijua tu utakuwa wa kwanza 😂

*Dereva wa Mikoani:*
Mimi ndo nilimfuata mke na sijafa. Kwetu Rungwe ni Moravian ukoo mzima, yeye Mlutheri. Kazi yangu barabarani, Jumapili nipo home labda moja kwa mwezi, sasa nikisema watoto wasali kwangu atawapeleka nani? Baba mdogo alinuna, akasema nimeolewa. Mwanzoni nilikuwa nakaa nyuma karibu na mlango kama mgeni, ila siku moja kwenye mnada wa sadaka za mazao baada ya ibada nikapandishiana bei na mzee wa kanisa mkungu wa ndizi, nikaunyakua kwa elfu 35 (sokoni haufiki hata 20), kuanzia hapo kila mtu ananisalimia kwa jina.

*Mama Sabato:*
Kwangu ni siku kabisa ndo tofauti. Mimi Msabato, mwenzangu mlokole wa Jumapili. Ijumaa jua likizama mimi nimeshapika na kufunga kazi, yeye ana duka na Jumamosi ndo ya mauzo, hapo ugomvi haukosi. Kikaango chake cha kitimoto kinakaa stoo, hilo tulielewana kabla ya mahari. Watoto walikuwa wanaenda kote kote mpaka mkubwa ana miaka 12 akaniambia mama mimi sina siku ya kulala. Sikuwa na la kumjibu na mpaka leo sina.

*Bahasha Mbili:*
Sisi tumejaribu kupokezana, wiki hii Katoliki kwa mume, wiki ijayo Lutheran kwangu. Raha yake mnakaa benchi moja mkiimba pamoja, ila kwao ikifika komunyo watu wote wanasimama kwenda mbele, mimi nabaki na mikoba ya ukoo mzima na shemeji zangu wananiruka miguu. Mwaka wa kwanza nililia aisee. Halafu michango! Bahasha huku bahasha kule, ujenzi huku, mavuno kule, na jumuiya zote mbili zinakuita mtoro. Kuhusu ubatizo dada usiogope, wetu wanautambua, ukija kuhamia kwao hubatizwi tena, unafundishwa tu na kupokelewa. Kwa hiyo mtoto mbatize popote mtakapokubaliana, ila mbatize.

*Mtoto wa Marehemu:*
Hamjafika kwenye mazishi nyie. Baba aliacha kwake akawa anasali na mama miaka na miaka, lakini hakuhama rasmi wala kuchukua barua. Alipofariki kwao wanauliza alikuwa jumuiya gani, kwa mama wanasema hatuna kadi yake. Siku mbili maiti mochwari sisi tunatafuta risiti za zaka kwenye makoti yake!! Mwishowe mwinjilisti mmoja mzee aliyekuwa anamfahamu akaja kumzika. Ukihama, hama na karatasi.

*Mzee wa Site:*
Hapo kwenye karatasi nakubali.

*Mleta mada:*
Asanteni sana. Nimemsomea mume comment ya kubaki na mikoba, akacheka halafu akakaa kimya muda mrefu. Hajasema chochote kuhusu kuhama wala ubatizo. Kaniuliza tu kwetu mnada huwa unaanza saa ngapi.